Mama wa pweza aliniuliza kuhusu mwezi, nikamjibu kama kitabu. Nifanyeje?

FundiSimu_Ngamiani

Wakuu salaam. Naombeni mawazo, hasa ninyi mnaopeleka sayansi mitaani, iwe ni nyota, afya, hali ya hewa au mambo ya bahari.

Sisi ni kikundi cha watu saba hapa Tanga mjini. Mimi natengeneza simu Ngamiani. Wenzangu ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, dereva bodaboda, vijana wawili wa kidato cha sita, na mzee mmoja aliyestaafu ukarani bandarini. Huyo mzee ndiye mshika daftari la fedha na hasamehi mtu. Tunachanga elfu tano kila mwezi, na kwa michango hiyo tulinunua darubini ya mtumba yenye lenzi ya milimita 70. Mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni ndogo, lakini ukiielekeza kwenye sayari ya Mshtarii unaiona miezi yake minne, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610, na ukiielekeza mwezini unaona mashimo hadi unatamani kuyapapasa.

Sasa kilichonileta. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote? Kwetu pwani saa zake zilikuwa kama tumechaguliwa: ulianza kumegwa saa 1:27 usiku, watoto bado wako macho, ukaingia wote kivulini saa 2:30, ukabaki mwekundu kwa dakika 82. Tukasema hii haitupiti. Tulijipanga ufukweni Sahare, tukakodi jenereta na spika, tukaazima projekta kwa jamaa anayepiga picha za harusi. Mfanyabiashara mmoja akatupa fulana kumi kwa sharti kwamba bango lake likae juu ya kila kitu. Mimi nikaandika hotuba ya kurasa nne. Ndiyo, nne, na ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wenye mishale.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Nikashika maiki, nikaanza: "Mfumo wa jua una sayari nane..." Kufika sayari ya tatu, watoto walikuwa wanakimbizana kwenye mwanga wa projekta wakitengeneza vivuli vya sungura, na watu wazima wote wamenipa kisogo wanatazama juu. Nani atazame mwezi wa kwenye shuka wakati wenyewe uko juu ya kichwa chake?

Kisha msikiti wa jirani ukaadhimisha swala ya kupatwa kwa mwezi, tukazima spika kwa heshima. Imamu alipomaliza alisema maneno machache tu, kwamba siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa, watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba ule, na Mtume akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Basi. Kwa dakika mbili akawa amemaliza habari ya hofu, ile niliyoitengea ukurasa mzima na nisiufikie.

Tukahamia kwenye darubini. Zohali ilikuwa si mbali na mwezi, tukaona tumepata bahati, watoto wataona pete. Lakini mwaka huo pete za Zohali zilikuwa zimetugeukia ubavu, unaona kamstari tu, kama sindano iliyopenya kwenye ndimu. Mtoto wa kwanza akachungulia, akainua kichwa, akatangaza kwa sauti: "Hii feki! Kwenye kitabu ina pete kubwa!" Foleni nzima ikacheka.

Hayo yote nimeyasamehe. Lisiloniacha ni hili. Kwenye saa tatu unusu hivi, mwezi bado mwekundu, akaja mama mmoja wa makamo, kanga imekazwa kiunoni, taa kichwani, mkononi ana ndoo na nondo ya kuchokolea pweza. Alikuwa anakwenda pwani na wenzake, maana kwetu mwezi ukiwa mpevu maji hukauka kwenye saa nne, mchana na usiku. Akachungulia darubini, akasema mashallah, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mwezi wenyewe umezimwa, mbona maji yanakupwa vilevile?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, kupwa na kujaa kunasababishwa na nguvu ya mvutano, ambayo hutegemea tungamo na umbali, siyo mwangaza." Hivyo hivyo. Nilitamka neno tungamo ufukweni Sahare saa tatu usiku. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akuzidishie," akateremka zake.

Nimelala na kuamka na swali lile. Mama ameona vitu viwili anavyojua vinakwenda pamoja, kimoja kimebadilika na kingine hakikubadilika, akataka kujua kwa nini. Hakuna mwanafunzi wetu hata mmoja aliyeuliza jambo zito kama hilo, na jibu langu halikuwa na kosa, lakini lilimfunga mdomo.

Tuna matukio mawili mbele. Alfajiri ya tarehe 28 Agosti 2026 mwezi utapatwa kwa sehemu kubwa, utaanza kumegwa saa 11 na nusu na kitu, utatua upande wa Usambara ukiwa bado umemegwa. Halafu tarehe 2 Agosti 2027 ndiyo kazi: jua litapatwa lote kule Luxor, Jeddah na Makka, na sisi huku tutaona limemegwa. Siku hiyo ni Jumatatu, mchana kweupe, na kila mtoto atataka kutazama. Sitaki kwenda tena na kurasa nne. Wenye uzoefu, mnaanzaje? Na yule mama ningemjibu vipi?

kutwa_kucha

Watu saba mnachanga kila mwezi ili mchungulie mwezi ambao hata kuku anauona bure. Hizo elfu tano zingechimba choo cha shule. Ila kazi njema.

FundiSimu_Ngamiani

Mkuu, kwa hesabu ya mzee wetu wa daftari tungehitaji miaka kumi na moja kumaliza hicho choo, na shimo lingekuwa limeshafukiwa na mvua. Karibu uchungulie, bure kama kuku.

Mwalimu_Mstaafu_Mbeya

Kijana wangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimecheka peke yangu, kwa sababu hotuba ya kurasa nne hata mimi nimewahi kuwa nayo.

Nilifundisha fizikia miaka mingi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete, na mahali pazuri pa kulitazama palikuwa Rujewa, wilaya ya Mbarali, kwetu huku. Ilikuwa Alhamisi. Nilipeleka wanafunzi thelathini kwa basi la kukodi. Mji ulifurika, wageni wa mbali, kamera ndefu kama mabomba, na wenyeji wakiuza chakula na kushangaa jinsi watu wazima walivyosafiri kuja kutazama jua ambalo Usangu halijawahi kukosekana.

Miwani maalumu ilikuwa haitoshi, ikawa inapita mkono kwa mkono. Na hapo ndipo nilipopata joto. Niliwaona wazee wawili wamejaza maji kwenye beseni walitazame jua humo, kama walivyofanya baba zao. Kijana mwingine alikuwa na filamu ya eksirei. Nikawa nakimbia huku na huku nawakataza: jua la kwenye maji bado ni kali la kuunguza jicho, na eksirei haizuii mionzi inayodhuru. Kioo cha mchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 14, si kile cheusi-cheusi cha kawaida. Na kwa yeyote mwenye darubini kama yako: usithubutu kuielekeza juani bila kichujio chake kilichofungwa mbele, kwenye mdomo unaopokea mwanga. Hapo sina utani, jicho litakwenda kabla hujasema aa.

Basi, karibu na saa sita mchana, pete ikakamilika. Kwa sababu mwezi siku ile ulikuwa mbali kidogo na dunia, ulionekana mdogo, haukulifunika jua lote, likabaki duara jembamba la moto kwa kama dakika tatu. Mimi nimeinua kidole, nimeanza, "Wanafunzi, hapa tunaona..." Nikasikia bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga chini ya mwembe anapiga kelele: "Jamani njooni! Yako huku chini!"

Tukageuka. Ardhi yote chini ya ule mwembe ilikuwa imejaa pete. Mamia. Juu ya karanga zake, juu ya kanga yake, kwenye miguu ya watu. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa umechora jua lake. Wanafunzi wangu wote waliniacha wakaenda kwa bibi, na waliobaki na mimi walikuwa wanasubiri zamu ya miwani.

Nilichosema baadaye kilikuwa kifupi kuliko vyote nilivyosema katika ualimu wangu. Niliwauliza: siku za kawaida, vile vitone vya mwanga chini ya mti vina umbo gani? Wakasema duara. Na mapengo ya majani yana umbo gani? Wakafikiri, wakasema hayana umbo maalumu. Sasa kwa nini vitone ni duara? Kimya. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili akasema taratibu, "Kumbe siku zote lilikuwa jua." Nami nilikuwa nimekaa chini ya miembe miaka hamsini bila kujiuliza.

Ushauri wangu kwa 2027 basi: miwani tafuteni mapema na kwa mtu mnayemwamini, lakini msiitegemee. Chukueni chujio, chukueni kadibodi iliyotobolewa kwa msumari, pishanisheni vidole vya mikono miwili kama wavu, mpe jua mgongo, mtazame chini. Kila tundu litatoa kijijua kilichomegwa. Na fanyeni majaribio shuleni miezi kadhaa kabla, kwenye jua zima, watoto wazoee kutazama chini.

Kuhusu hotuba sikubaliani nawe moja kwa moja. Kuna watu watakaobaki baada ya wengine kuondoka, wale wanne watano wanaozungukazunguka hawataki kwenda nyumbani. Hao wana njaa ya kurasa zako. Kosa lilikuwa kuitanguliza.

FundiSimu_Ngamiani

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ya mwembe nimeisoma kwa sauti kwenye kikao chetu. Mzee wa daftari amesema chujio analo nyumbani, hivyo bajeti ya 2027 imeshapungua.

BintiWete

Assalaam alaykum kaka. Mie ni wa Pemba, sasa niko Unguja nasomea uuguzi. Shangazi yangu analima mwani, na nimekulia kwenye bamvu (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanaposogea kidogo tu), kwa hivyo swali la huyo mama ni kama limeulizwa nyumbani kwetu.

Kwanza nikwambie kitu. Kwa watu wa pwani mwezi ni saa ya ukutani. Shangazi anajua leo ni mwezi ngapi bila kutazama simu, kwa sababu siku za bamvu ndizo anazofika shambani kwake, maji yakitoka mbali, na siku za maji mafu anabaki anasuka kamba. Sasa ukimwendea mtu kama huyo na "mfumo wa jua una sayari nane", ni kama umeingia jikoni kwa mtu ukaanza kumweleza moto ni nini.

Usiku ule ule wa Septemba shangazi naye aliuliza swali hilohilo wallahi, karibu kwa maneno hayohayo. Tulikuwa tumekaa barazani. Mie nikaanza mambo yangu ya skuli, mara babu akanikata. Akasema: "Usiku umemfunga mbuzi wako kwa kamba, na kibatari kinawaka. Upepo ukizima kibatari, mbuzi kafunguka?" Shangazi akasema, hajafunguka. Babu akasema, "Basi na mwezi umezimwa taa tu. Kamba iko palepale."

Nilinyamaza. Mie ndiye niliyesoma, lakini jibu alikuwa nalo babu.

Ukitaka kuendelea naye, mwulize yeye: mama, mwezi unapatwa siku gani? Atakwambia siku ya mpevu tu, hajawahi kuuona unapatwa ukiwa mwandamo au nusu. Hapo umeshafika, kwa sababu ni siku ya mpevu peke yake dunia inaweza kukaa katikati ya jua na mwezi, na siku hiyohiyo jua na mwezi vinasaidiana kuvuta maji, ndiyo bamvu. Kwa hivyo mwezi uliopatwa na maji makubwa ni ndugu wa tumbo moja. Hilo atalifikia mwenyewe, wewe shika taa tu.

Na jengine kaka, usinikasirikie. Kwa nini kikundi cha watu saba hakina hata mvuvi mmoja wala mama wa pwani mmoja?

FundiSimu_Ngamiani

Dada, umenichoma pale palipostahili. Waalaykum salaam. Hatuna kwa sababu hatukuwahi kufikiri. Tulikuwa tunawahesabu kama wageni waalikwa.

Mbuzi nimemchukua, mwambie babu nitamrudisha salama.

kalamu_ya_kale

Naingilia kwa jambo dogo linalonikera. Majina. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba Mshtarii inaitwa Sumbula na Zohali inaitwa Sarateni. Nilikariri, nikapata vema, nikaishi hivyo hadi utu uzima, kumbe Sumbula ni buruji la Mashuke, na Saratani ni buruji la Kaa. Makundi ya nyota! Ni kama kumwita mtu kwa jina la mtaa anaokaa. Mabaharia wetu walikuwa na Mshtarii, Zohali, Mirihi, Utaridi na Zuhura karne nyingi, na ndiyo majina mtakayosikia kwa wazee wa pwani hadi leo. Kabla ya kuandika bango lenu lingine, keti na wazee wa jahazi uwaulize wanaitaje.

Na msisahau Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Wakulima walikuwa na msemo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda nzima katika mstari mmoja. Kielekezeeni darubini hicho muone wazee watakavyosogea.

kutwa_kucha

Hapa nimejifunza. Kumbe Sumbula nilipigiwa viboko bure.

Otieno_wa_Umoja

Habari zenu kutoka Nairobi. Mimi hujitolea na darubini shuleni siku za wikendi, nilianza baada ya kuona kazi ya The Travelling Telescope, ile ya Susan Murabana na Chu Owen, nikasema hata mimi naweza kubeba kitu. Nitaongea kuhusu foleni tu, kwa sababu foleni ndiyo huua hamu ya watu.

Ukisimama kando ya darubini usiulize "umeona pete?" Mtoto atasema ndiyo hata kama ameona kope zake mwenyewe. Watu wazima pia, tena wao ndio waongo zaidi kwa sababu hawataki kuonekana washamba. Uliza "umeona nini?" halafu nyamaza. Mmoja aliniambia ameona buibui. Nikatazama, kweli kulikuwa na buibui.

Kigoda kiwepo kwa wafupi. Mtu mmoja kazi yake iwe ni kuirudisha darubini kwenye shabaha, kwa sababu dunia inazunguka na sayari hutoka nje ya kioo baada ya nusu dakika hivi. Hilo pia usilifiche, mwambie mtu asiguse, atazame tu sayari ikitoroka. Umemwonyesha dunia ikizunguka na hujatamka neno.

Sasa huyo kijana wa "feki". Mimi huyo ningemwajiri. Yeye pekee ndiye aliyelinganisha alichokiona na alichoambiwa. Mpe karatasi na kalamu achore alichoona, aandike tarehe, muiweke. Zohali inachukua karibu miaka 29 kulizunguka jua, na katika safari hiyo pete zake hutugeukia ubavu mara mbili, ndiyo yaliyotokea Machi 2025. Kuanzia hapo zinafunguka kidogo kidogo kila mwaka hadi 2032 ndipo zitakuwa wazi kabisa. Kijana huyo akichora kila mwaka, akifika utu uzima atakuwa na kitu ambacho hakuna kitabu kitamwambia ni feki.

Fulana na bango mimi huzikataa. Lakini nyinyi mna mzee wa daftari, mtajua wenyewe.

FundiSimu_Ngamiani

Otieno asante sana ndugu yangu. Yule mtoto tumempata, ni wa mtaa wa pili kutoka kwa mwalimu wetu. Amekubali kuchora kwa sharti kwamba awe wa kwanza kwenye foleni milele. Tumekubali kwa shingo upande.

FundiSimu_Ngamiani

Wakuu, narudi na mrejesho, maana nimeahidi wengi inboksi.

Bamvu la juzi nilifunga duka asubuhi nikaenda Sahare. Sikubeba darubini, sikubeba spika, nilibeba chapati tu. Kwenye saa nne maji yalikuwa yametoka hadi unaona miamba ya mbali, kaskazi inavuma. Nikauliza uliza, nikaambiwa mama yule yuko kule chini na wenzake watatu. Nikavua viatu nikateremka. Niliteleza mara mbili kwenye mwani mbele ya watoto, waliohesabu kwa sauti.

Nikamwamkia, nikamkumbusha usiku wa mwezi mwekundu. Akasema, "Wewe si yule wa tungamo?" Wakuu, alilikumbuka! Miezi mitano! Wenzake wakacheka, kumbe lilikuwa limeshakuwa utani wao, wakiona pweza mkubwa wanasema huyu ana tungamo.

Nikamwomba radhi, nikamweleza mbuzi na kibatari. Akasimama, akachomeka nondo yake mchangani, akafikiri. Kisha akawageukia wenzake akasema, "Nyie, mwezi ulizimwa taa tu. Kamba iko palepale." Neno kwa neno kama babu wa Wete, na sikuwa nimemwambia sehemu hiyo.

Nikapata moto. Nikaendelea kama BintiWete alivyonifundisha, nikamwuliza mwezi hupatwa lini, akasema siku ya mpevu, nikasema basi siku hiyohiyo ndiyo ya bamvu kubwa. Akanikatiza. "Hapana. Siku ya mpevu maji ni makubwa, lakini makubwa yenyewe ni kesho yake na kesho kutwa." Nilipofika dukani nikafungua jedwali la maji la bandarini, nikalinganisha miezi mitatu. Ni kweli tupu. Bahari huchelewa siku moja au mbili nyuma ya mwezi, kwa kuwa maji ni mengi, yanasuguana na sakafu ya bahari na kuzuiwa na nchi kavu, hayatii amri papo hapo. Kwenye kurasa zangu nne nilikuwa nimeandika "siku ya mwezi mpevu" na kupigia mstari.

Nimemwomba ajiunge na kikundi. Amesema mchango wa elfu tano hatoi, atatoa pweza. Mzee wa daftari anatafuta safu ya kuandikia pweza.

Lakini siyo hilo lililonirudisha hapa. Nilipokuwa nakusanya viatu vyangu niondoke akaniita tena. "Mwanangu, ngoja. Huyo mbuzi wako ana kamba moja. Mwezi ni mmoja, nao unapita juu yetu mara moja tu kwa kutwa. Mbona maji yanajaa mara mbili?"

Safari hii sikufungua mdomo. Nimemwomba anipe mpaka bamvu lijalo.

Jibu la kitabu ninalo. Maji ya upande ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na dunia huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili, kwa hiyo yale ya nyuma yanaachwa nyuma, yanavimba huko. Vimbe mbili, dunia inazunguka ndani yake, tunapita kila kimoja baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Nalielewa nikiwa na karatasi na kalamu. Nimejaribu kumweleza bodaboda wetu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

BintiWete, babu yuko? Mwulize kama ana mbuzi wa hilo. Mwalimu, na wewe. Nimebakiwa na siku kumi na moja.